Mcheza Kwao Hutunzwa?

Ngoma ya muheme nimeiona mara nyingi, lakini mara mbili hazinitoki moyoni. Mara ya kwanza ilikuwa Bagamoyo, wakati wa tamasha. Kina mama wa Kigogo walibana ngoma zao mapajani wakazipiga hadi mbao za jukwaa zikatetemeka, huku upepo wa bahari ukivuma. Watu walikuwa wametoka mbali kwa nauli zao, na hakuna aliyeinuka kabla ya mwisho. Mara ya pili ilikuwa hapa Dodoma. Kina mama wengine, wenye ngoma zile zile, walisimama juani tangu asubuhi wakimngojea mgeni. Mgeni alifika alasiri. Walipiga dakika chache, akawapungia mkono huku akitembea, mshereheshaji akasema, "Asanteni, inatosha," na ngoma zikapakiwa kwenye lori pamoja na viti vya kukodi.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa niambie, kati ya siku hizo mbili, ni ipi kina mama hao walikuwa kwao?

Nasema bila kumung'unya maneno: sisi wa Dodoma tumeigeuza sanaa ya Wagogo kuwa zulia la kukanyagwa na wageni. Muheme ni ngoma ya wanawake, iliyokulia katika mambo ya unyago. Ina wakati wake, ina wenyewe, ina uwanja wake wa vumbi ambamo anayetazama pia huitikia. Mahali pake si pambo la ngoma. Ni sehemu ya ngoma yenyewe. Wenzetu wa ng'ambo wamelitambua jambo hili katika sanaa zao. Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma katika uwanja mmoja wa New York. Wakuu walipotaka kuuhamisha, alishikilia kwamba kuuondoa mahali pake ni kuuharibu. Alishindwa, na mwaka 1989 uliondolewa. Lakini angalau walibishana. Sisi muheme tumeuhamishia kando ya zulia jekundu, wala hakuna aliyebisha.

Mtazame Hukwe Zawose. Huyu alikuwa mtoto wa nchi hii kavu, aliyelelewa na zeze na ilimba. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye akaweka makazi Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa. Husemwa jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu aliwika mjini, akawika na Uingereza, ambako albamu yake *Chibite* ilitolewa mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo wake, walitoa albamu yao *Maisha*, nao ni wa Bagamoyo. Siwalaumu hata kidogo. Najiuliza tu kwa nini sauti ya Ugogo ililazimika kwenda kusimama ufukweni ndipo iitwe sanaa.

Wapo watakaonijibu kwamba bila jukwaa na tamasha ngoma hizi zingekufa. Nakubali nusu. Bagamoyo iliwapa wasanii mafunzo, watazamaji na heshima, na deni hilo tulikiri. Lakini ngoma ikiishi ugenini huku kwao imebaki salamu ya dakika tano, hiyo haijaokolewa, imehamishwa tu. Na wanaosema vijana hawaitaki tena ngoma, nawauliza: kijana ataitakaje kitu anachokiona kikifukuzwa kabla hakijakolea?

Bagamoyo na Ugogo zinajuana tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii, na haikupita bila kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo. Siku zile mgeni alilipa ili apite. Leo mgeni anapita, na tunaolipa ni sisi, kwa jua la mama zetu.

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Tunajenga maofisi na mabarabara, na ni vyema. Lakini jiji lisiloketi kusikiliza ngoma ya wenyeji wake ni kambi ya watumishi tu. Chamwino wametuonyesha njia kwa tamasha lao la muziki wa Kigogo: vikundi hukusanyika katika nchi yao wenyewe, na atakaye kusikia huwafuata.

Basi na tuanzie hapo. Mgeni ajaye asipigiwe ngoma akiwa njiani. Apelekwe kijijini baada ya mavuno, apewe kigoda, akae hadi kina mama wenyewe waseme yatosha. Kama hana nafasi, asipigiwe. Tumpe mkono, tumkaribishe maji, na ngoma zetu zibaki nyumbani.