Barabara ni ya nani? Pikipiki, mipaka na sisi vijana wakimbizi

Vijana wenzetu, na nyinyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma, leo hatuandiki habari ya posho wala ya karo. Leo tunaandika habari ya pikipiki. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Hapa kwetu Nakivale, simu moja yenye bando inazungukwa na watu kumi jioni. Si kila siku wanatazama mpira. Siku hizi vijana wengi, hasa wale wa boda, wanatazama watu wanaozunguka dunia kwa pikipiki. Wanamjua yule dada wa Uholanzi, Noraly Schoenmaker, anayejiita Itchy Boots, aliyeacha kazi yake ya jiolojia, akaanzia India na Royal Enfield Himalayan, mpaka akafika na huku Afrika. Wanajua pia kwamba mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Scotland mpaka Cape Town, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Barabara zetu hizi hizi.

Lakini kinachotushangaza zaidi ni ule mwendo wa siku moja tu. Mtu anaamka Vaals, Uholanzi, karibu na pale mipaka ya nchi tatu inapokutana. Anaingia Ujerumani kunywa chai, anakata Ubelgiji, anashuka Luxemburg, na kabla jua halijazama yuko Ufaransa. Nchi tano kwa siku moja, na kwa kawaida hakuna anayemsimamisha kuuliza karatasi. Njiani anaweza kupita kijiji kidogo kinaitwa Schengen, kando ya mto Moselle. Hapo ndipo mwaka 1985 nchi tano zilisaini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Na hao waliosaini si watu waliokuwa marafiki tangu zamani. Karne ile ile walikuwa wameuana kwenye vita viwili vikubwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mipaka yetu sisi ni migumu kwa sababu ya historia. Historia yao ilikuwa mbaya pia, ila walikaa mezani.

Wengine hawatafuti nchi, wanatafuta kilometa. Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association, kinampa cheti mtu anayeendesha maili 1,000 ndani ya saa 24. Hiyo ni kama kilometa 1,600, karibu sawa na kutoka Mombasa mpaka Kigali kwa kupitia Nairobi na Kampala. Sisi hatumshauri mtu ajaribu hivyo na Boxer yake, tena kwenye barabara yenye malori usiku. Tunataka tu muone kwamba kuna watu ambao umbali kwao ni mchezo.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Mbarara mpaka Kigali ni kama kilometa 250. Unapita Ntungamo, unapanda baridi ya Kabale, unafika Katuna, unavuka, unahamia upande wa kulia wa barabara kwa sababu Rwanda wanaendesha kulia, na jioni umefika. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho tu. Pikipiki yenyewe inataka kadi yake na bima ile ya COMESA, Yellow Card, inayokubalika mpaka Kongo na Burundi. Yaani njia ipo, bima ipo, na motari yupo anayejua kutengeneza injini yake gizani. Kinachokosekana ni karatasi ya mwenye pikipiki.

Mmoja wetu alifiwa na mama mwaka juzi, upande wa pili wa mpaka. Safari ya siku moja. Alipoanza kuulizia karatasi aliambiwa asubiri, na maiti haisubiri. Alimzika mama yake kwa simu. Wenzake walimshauri apite njia za panya, akakataa, kwa sababu anajua watu waliopita huko wakapoteza pesa, na wengine wakapoteza zaidi ya pesa. Ndiyo maana tunasema: ukimfungia kijana barabara kubwa, hujamzuia kusafiri, umemwonyesha njia ya panya.

Haki yenyewe si ya kubuni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea ndani ya nchi, na inatupa haki ya kuwa na hati ya kusafiria, ile inayotajwa kwenye kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951. Hati hiyo si ya kurudia kule tulikokimbia, hilo tujue vizuri. Ila ni ya kwenda kwingine na kurudi kwa heshima. Na tusisahau kwamba sisi wa Uganda tuna nafuu. Wenzetu wa Nyarugusu na Kakuma wanahitaji kibali hata kabla ya kutoka kambini.

Tunajua watakaosema, "Watu wanapunguziwa chakula, nyinyi mnaongea utalii?" Swali ni zuri. Jibu letu ni hili: posho ikipungua, mtu anahitaji kutembea zaidi, si kidogo. Motari mwenye leseni na hati halali anaweza kufuata vipuri, soko, kazi na shule. Asiye nazo anabaki kuzunguka vumbi lile lile akisubiri tarehe ya mgao.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vijana, tutafute leseni, tuvae kofia ngumu, tuulize habari za hati mapema, si siku ya msiba. Mashirika, mnapofundisha ufundi wa pikipiki, ongezeni na masomo ya leseni, bima na namna ya kuomba hati, kwa lugha tunayoielewa. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia 2022, zikiongea habari za raia kuvuka kwa urahisi, zitutaje na sisi.

Mpaka wa Katuna ulifungwa 2019, ukafunguliwa 2022. Wafanyabiashara wenye vitambulisho halali walilia miaka ile, na watu wakawahurumia. Vizuri. Sisi kwetu unafungwa kila siku, hata lango likiwa wazi.