Saa ya Sh45,000 na presha ya mama

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Nkome kumwona mama, nikamkuta amevaa saa kama yangu. Ileile nyeusi, mkanda wa mpira, kioo cha mraba. Mdogo wangu alimnunulia baada ya mimi kuisifia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kwa hiyo haya ninayowasimulia wazazi wiki hii yalianzia mdomoni mwangu.

Sifa zenyewe hazikuwa za uongo. Kwa miaka miwili nilikuwa na saa janja ya bei kubwa, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ilitaka chaji kila usiku, na umeme ukikatika jioni, kesho yake nimevaa bangili. Kioo kilipopasuka, fundi alinitajia bei ambayo ingenunua saa tatu za kawaida. Nikaachana nayo, nikanunua hii ya Sh45,000 mjini Geita. Inakaa na chaji siku sita. Simu ikiita nikiwa juu ya bodaboda, saa inatetemeka mkononi na simu yenyewe imetulia ndani ya pochi. Mama mwenye mikono iliyojaa unga na mtoto mgongoni anajua nani anapiga bila kushika chochote. Inahesabu hatua pia, ingawa zile hatua 10,000 zinazohubiriwa kila mahali hazikutoka kwa daktari. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Kitu kimoja tu kilinikera siku ya kwanza. Programu yake ya kwenye simu iliomba ruhusa ya kusoma SMS, picha na majina yote. SMS zangu ndimo zilimo meseji za miamala ya pesa. Nilikataa, na saa ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Nawe kataa.

Turudi Nkome. Mama ana presha kwa miaka kadhaa sasa. Nilimwomba aniletee vidonge vyake nione vimebaki vingapi, na vilikuwa vingi mno.

"Siku hizi presha yangu nzuri, mwanangu," akasema, akaninyooshea mkono. Kioo kilionyesha 118 kwa 76. "Kila asubuhi naangalia. Vidonge nimeviacha, hii wiki ya pili."

Sikumjibu. Nilivua saa yangu nikaifunga kwenye ndizi iliyokuwa mezani. Taa ya kijani ikawaka, ikamulika kidogo, kisha ikatoa majibu: mapigo ya moyo 74, presha 121 kwa 79. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

Nikamweleza hivi. Mgongoni mwa saa hizi kuna taa ndogo. Mwanga wake unaingia kwenye ngozi, damu inayopita kwa kila pigo inaunyonya kidogo, na kijicho kilichopo pembeni ya taa kinapima mwanga unaorudi. Kwa njia hiyo saa inaweza kuhesabu mapigo ya moyo, na mtu akiwa ametulia mara nyingi haikosei sana. Presha ni habari nyingine. Ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa, ndiyo maana kipimo cha zahanati kinabana mkono kwa mkanda unaojazwa upepo. Zipo saa chache zenye mkanda wa namna hiyo, lakini bei yake si ya kwetu. Hii yetu haina cha kubania. Inakisia, na nahisi hupendelea kukisia namba isiyomtisha mnunuzi.

Kwenye sukari ndiyo kabisa. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ikasema haijaidhinisha hata moja. Ukiona tangazo la saa ya namna hiyo, usimnunulie mzee wako.

Tulikuwa bado tunabishana wakati wifi yangu alipotoka chumbani na mtoto wao wa miezi tisa. Alikuwa akikohoa kwa siku mbili. Mdogo wangu, baba yake, akachukua saa ya mama akaizungushia mkono wa mtoto. Ilipwaya kama tairi kwenye kijiti. Ikasoma oksijeni 98. "Dada, huyu yuko sawa," akasema.

Nikamwambia aivue, tutumie kitu pekee ndani yake ambacho kingetusaidia usiku ule: saa ya kuhesabu sekunde. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue nguo kifuani, hesabu kila mara tumbo na kifua vinapoinuka, kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio. Tulipata 54. Wifi akarudia, akapata 56.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi kama ana miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni 40 au zaidi. Chini ya miezi miwili, ni 60 au zaidi. Ukifika hapo, nenda kituoni siku hiyohiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au amelegea, usihesabu chochote. Nenda.

Tulipanda bodaboda mbili, mama akang'ang'ania kuja. Muuguzi alihesabu upya kwa saa ya ukutani, akamwangalia mtoto kifua na masikio. Nimonia. Akapewa amoksilini ya kuyeyusha, na wifi akaelekezwa dalili za kumrudisha haraka. Siku ya tatu alikuwa anavuta sahani za watu mezani.

Mama naye nilimwomba apimwe. Alikaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kupandanisha, mkono juu ya meza. Mashine ikasoma 166 kwa 98. Mkono wa pili saa yake ilikuwa inasema 119 kwa 77. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia tu arudie vidonge usiku uleule na arudi baada ya wiki.

Njiani mama alitaka kuitupa. Nilimzuia. Nilifuta ukurasa wa presha kwenye kioo ili asiuone tena, nikaweka kengele ya saa 2 usiku. Sasa kila siku saa hiyo inamtetemesha mkono, yeye anaiambia "nimekusikia", anameza kidonge chake. Juzi alinipigia simu kulalamika kwamba ilimtetemesha akiwa katikati ya sala.