Hesabu Niliyoikimbia Chuoni Nilikutana Nayo Mjengoni

Wacha nianze kwa kukiri: niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, diploma ya uhandisi wa umeme, na si karo iliyonitoa. Ni hesabu. Nilifeli karatasi moja mara mbili, nikafunga virago, nikarudi mtaani nikijiambia namba hazikuumbiwa watu kama mimi.

Miezi michache baadaye nikapata kibarua cha mjengo. Siku ya kwanza namkuta fundi anapima msingi kwa kamba. Futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha akavuta kamba kutoka ncha hadi ncha. "Ikigonga 5, kijana, kona iko skwea."

Nilishtuka. Hiyo si Pithagora? Ile niliyoikariri kidato cha pili, nikaijibu kwa mtihani, nikaisahau jioni hiyo hiyo! Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba nyumba haisimami wima bila hiyo kitu.

Sasa usikimbilie kusema, "Si umeona, fundi hakuhitaji shule." Ngoja. Tulipofika kwenye paa, mambo yaligeuka. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba ni mita 4, paa linapanda mita 2. Ubao ukatwe urefu gani? Ile 3, 4, 5 haikusaidia tena. Fundi akakisia, mbao tatu zikatoka fupi, mwenye nyumba akawaka. Akaitwa jamaa mwingine, akatoa simu, akabonyeza kikokotoo: karibu mita 4.5. Ilimchukua dakika moja, na siku hiyo yeye ndiye aliyelipwa kutuliko sote.

Fundi alijua jibu moja. Yule jamaa alijua jibu linatoka wapi. Tofauti ya mfuko wao iko hapo.

Nayasema haya kwa sababu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na serikali inalenga asilimia 60 yao wafuate mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lengo zuri. Lakini kumpanga mtoto kwenye mkondo hakumfanyi fundi wala mhandisi. Mimi pia nilipangwa kwenye uhandisi, na unajua nilikoishia.

Wanasema shida ni maabara. Ni kweli, shule nyingi hazina, na zijengwe. Lakini kamba ya yule fundi ni bei gani? Mwalimu akitoka na darasa uwanjani dakika 20 tu, Pithagora haisahauliki tena.

Ama chukua stima. Kwenye bedsita yako una birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, zote kwenye ekstensheni moja. Jumla ni wati 3,200. Gawanya kwa volti 240, unapata zaidi ya ampea 13, na plagi yako ina fyuzi ya ampea 13. Ndiyo maana ile ekstensheni ya bei rahisi inapata moto hadi inanuka. Mtaani tunasema stima imeleta shida. Stima haijaleta shida, buda. Ni hesabu haikupigwa.

Hilo ni somo la fizikia ambalo mtoto yeyote wa Umoja au Kisauni ataelewa, kwa sababu pasi anaijua. Mwalimu, anzia kwa pasi, fomula itafuata. Ukianza na fomula, wengi hawatafika kwa pasi.

Na wewe uliye darasani sasa hivi: usikubali mtu akuambie hisabati si yako eti kwa sababu ulikuwa mzito ukiwa na miaka 14. Mimi nilikubali, na nimelipia. Kesho mwalimu akiandika fomula ubaoni, inua mkono kwa heshima, muulize, "Mwalimu, hii inatumika wapi?" Darasa likicheka, liache licheke.

Mimi sikuuliza. Nilikuja kujibiwa mjengoni, karai la kokoto likiwa begani.