Musitugawie miti ya mihogo isiyo na jina

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mulioacha mashamba yenu kwa sababu ya vita, leo siongei juu ya bunduki. Naongea juu ya miti ya mihogo munayogawiwa ikiwa imefungwa kamba, huku mtu wa shirika akisema: «Hii ni mbegu bora, haishikwi na ugonjwa.»

Ugonjwa gani? Ukimuuliza hivyo, anaanza kukohoa.

Mama mmoja mkimbizi alikodi kipande cha shamba kwa wenyeji, akapanda miti aliyogawiwa. Majani yalipendeza, sombe alikula na kuuza. Alipochimbua baada ya mwaka, ndani ya mihogo kulikuwa na madoa ya kahawia, imekauka kama gome. Unga hakuna, na pesa za kukodi shamba zimekwisha. Alipolalamika, aliambiwa alichelewa kuvuna. Hilo ni jibu la kujikinga tu!

Kipande cha mti wa muhogo ni mama yake mwenyewe: urithi uleule, nguvu zilezile, udhaifu uleule. Lakini kama mama alikuwa na virusi, navyo vinasafiri ndani ya kipande. Nzi weupe wadogo wanavipeleka kwa jirani. Na hakuna dawa ya kupuliza inayoponya muhogo wenye virusi, hata muuzaji akiapa.

Wanaosema «haishikwi» mara nyingi wanafikiria mozaiki, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Miaka ya 1990 ulikuwa mkali sana Uganda, ukafika mpaka kwetu. Kinga yake ipo kweli. Miaka ya 1930, watafiti wa Amani, Tanganyika, walizalisha muhogo na ndugu yake wa porini, mpira wa Ceará. Baadaye kinga nyingine, iitwayo CMD2, ilipatikana ndani ya mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Mwaka 2022 wanasayansi walionyesha kwamba inatokana na badiliko dogo katika jeni moja, ile inayosaidia seli kunakili urithi wake. Virusi vya mozaiki vinategemea kazi hiyo ili vizaane.

Lakini virusi vya michirizi ya kahawia, vilivyoharibu mihogo ya yule mama, ni vya ukoo mwingine. Havipiti mlango huo. Muhogo unaweza kushinda mozaiki na bado ukaoza kwa michirizi. Na majani yake yanaweza kuonekana mazima mpaka siku ya kuchimbua.

Najua mutajibu: «Ni dharura, watu wana njaa.» Sawa. Unga wa dharura unaliwa unaisha. Mti wa muhogo unakaa mwaka mzima shambani, unakatwa tena, unapewa jirani, na siku ya kurudi kijijini unabebwa kichwani. Haraka yenu ya siku moja inakuwa ugonjwa wa kijiji kizima.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kila fungu liwe na jina la mbegu na mahali ilipotoka. Semeni wazi inavumilia ugonjwa gani: mozaiki, michirizi, yote mawili, au hakuna. Kabla ya kukata miti, chimbueni mihogo ya shamba la mama na kuipasua mbele yetu. Na musilete aina moja tu, maana nyingi zinategemea jeni ileile, na virusi vikiishinda, tumekwisha wote.

Mukumbuke kwamba CMD2 ilitunzwa mashambani na wakulima kabla ya mtafiti yeyote kuipa jina. Basi musituone kama watu wa kupokea na kunyamaza.

Na wewe mama, wewe baba, siku ya kugawiwa usione haya. Kabla ya kutia kidole kwenye wino, uliza: «Huu muhogo unaitwa nani, na mama yake mulimpasua?» Wasipojibu, waandike jibu hilo kwenye ripoti yao.