Kinga Ikimgeukia Mwenyewe, Tuiiteje?

Mwanafunzi wangu mmoja alikosa mihadhara kwa majuma sita. Aliporejea, wekundu ulikuwa umetanda puani na mashavuni mwake mfano wa kipepeo, na viungo vya vidole vimevimba. Daktari alikuwa amemweleza kwamba anaugua lupasi. Nyumbani, hata hivyo, habari iliyofika ilikuwa moja tu: kinga yake ina hitilafu. Shangazi yake akamtengea kikombe cha peke yake.

Simlaumu sana shangazi huyo. Sisi wenyewe tulilitia neno "kinga" ndani ya jina la UKIMWI, na tangu hapo msemaji wa Kiswahili akiambiwa kinga imeharibika, hulisikia jina hilo. (Hata kikombe cha mwenye UKIMWI hakiambukizi, lakini hilo ni somo jingine.)

Ilhali katika lupasi, ambayo aghalabu huwapata wanawake, kinga haikosekani, imemgeukia mwenyewe. Kingamwili zilizopaswa kunasa vijidudu vya maradhi hunasa vitu vilivyomo katika viini vya seli za mgonjwa, hata DNA yake. Mafungu yanayotokana na mnaso huo hukwama kwenye vichujio vya figo na kuziamsha protini za damu ambazo Paul Ehrlich, mwishoni mwa karne ya 19, alizipa jina la Kijerumani lenye maana ya kikamilisho, kwani alizona zikikamilisha kazi ya kingamwili. Leo zinajulikana zaidi ya 30. Zikiamka, huita chembe nyeupe za damu, na figo hudhurika.

Mtego uko kwenye karatasi ya maabara. Ugonjwa unapopamba moto, vipimo vya C3 na C4, ambazo ni protini mbili za kikamilisho, aghalabu hushuka kwa kuwa zinatumika upesi kuliko zinavyotengenezwa. Asiyejua husoma "upungufu" akathibitisha hofu yake. Tena kuna wachache wanaozaliwa bila protini ya C1q, na wengi wao hupata lupasi, maana kikamilisho pia husaidia kufagia mabaki ya seli zilizokufa. Mabaki yasipofagiliwa huichokoza kinga.

Basi tuziiteje kingamwili hizo zinazomshambulia mwenyewe? Mwenzangu mmoja idarani anapendekeza "kingamwili-nafsi". Siafiki, nafsi itatupeleka kwa waganga wa pepo. Mimi nasema "kingamwili-haini", ingawa nakiri kwamba haini ni neno kali, na mgonjwa asije akadhani kosa ni lake. Mwalimu wa biolojia aliye na jina bora na alilete, mradi lisiwe na "ukosefu" wala "upungufu" ndani yake.

Mwanafunzi wangu hakungoja kamusi. Aliniomba sentensi moja ya kumpelekea shangazi yake. Tuliiandika nyuma ya karatasi ile ile ya maabara: "Kinga yangu ipo, ila inanipiga mimi." Akaikunja, akaondoka nayo kupanda matatu ya jioni.