Uchambuzi: Programu Huria Hazina Ada ya Leseni, Bali Zinahitaji Wasimamizi Wenye Ujuzi

Kuanza kwa biashara ya saa 24 Kariakoo mwaka 2025 kumeongeza umuhimu wa kada isiyoonekana kirahisi sokoni, nayo ni wasimamizi wa mifumo ya kompyuta. Kuanzia Kata ya Mchafukoge hadi mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, malipo kwa simu, risiti za kielektroniki na kumbukumbu za bidhaa hutegemea seva zinazofanya kazi usiku na mchana.

Seva nyingi duniani huendeshwa kwa Linux, mfumo endeshi huria ambao msimbo wake unaweza kukaguliwa na kurekebishwa na yeyote. Nchini, sekta ya afya hutumia DHIS2, programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za vituo vya huduma.

Hata hivyo, kutokuwepo kwa ada ya leseni hakuondoi gharama. Fedha inayookolewa inapaswa kuelekezwa kwa mtaalamu anayejua kusoma kumbukumbu za matukio ya seva, kuweka masasisho bila kusimamisha huduma, kudhibiti haki za watumiaji na kutunza nakala rudufu. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haina uhakika. Diski ikiharibika, mfanyabiashara anaweza kupoteza orodha yote ya mali na madeni.

Umuhimu wa ujuzi huo ulidhihirika Machi 2024, pale mhandisi Andres Freund alipobaini mlango wa siri uliopandikizwa katika programu huria ya xz. Alianza kutilia shaka baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Uwazi wa msimbo ulisaidia uchunguzi, lakini aliyeanzisha uchunguzi huo alikuwa mtu makini.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kwa upande wake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wakusanyaji wa taarifa kuzilinda. Kwa msingi huo, duka linalohifadhi majina na namba za simu za wateja lina wajibu wa kisheria.

Kwa vijana wa vyuo vya ufundi, programu huria ni karakana iliyo wazi: kompyuta ya kawaida inatosha kujifunzia kusimika seva, kuiharibu na kuirejesha. Ni mazoezi yanayopaswa kufanyika kabla ya mali ya mteja kuwa hatarini.