Maoni ya Mwalimu: Serikali ya Buganda Ilianzia Uani kwa Kabaka

Mtahiniwa, ukiulizwa kwa nini dola ya Buganda ilikuwa na nguvu kabla ya ukoloni, najua utakachoandika. Utataja rutuba ya ardhi, ndizi, biashara na Waarabu, jeshi, na mwishoni utabandika "uongozi bora". Hoja hizo si makosa. Ila hiyo ya mwisho, jinsi mnavyoiandika, haisemi kitu. Mimi naamini ndiyo hoja kubwa kuliko zote, ukiweza kuieleza.

Ianze na nyumba. Hapa Bonga, ingia katika kaya yoyote yenye watu wengi uulize mkubwa ni nani. Utaonyeshwa mzee. Kisha mwulize mtoto mwenye njaa. Atakuonyesha aliyeshika funguo za stoo. Wengi wetu huku Babati hatukukulia karibu na jumba la mfalme, kwa hiyo picha hiyo ya funguo itakusaidia kuliko orodha ya vyeo.

Katika Buganda ya zamani wakuu wa koo, walioitwa bataka, walikuwa na ardhi na watu wao wenyewe. Mtu wa namna hiyo hamwogopi sana mfalme, kwa kuwa cheo chake amekirithi kwa babu yake. Kwa hiyo Makabaka, hasa katika karne ya 18 na ya 19, waliendelea kupunguza nguvu za bataka na kuweka watu waliowateua wenyewe, ambao wangeweza kuwaondoa kesho yake. Waliwapata wapi? Uani kwao. Vijana walipelekwa ikulu wangali wadogo. Walitumwa, walihudumia wageni, wakajifunza nani husikilizwa na nani hasikilizwi. Aliyefaa alipewa eneo la kutawala. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya utawala.

Mtazame Kimbugwe. Kazi yake ilikuwa kutunza kitovu cha Kabaka, kilichohesabiwa kuwa pacha wa mfalme. Kwa macho ya leo ni kazi ya mila tu. Kumbe huyo alikuwa miongoni mwa wakubwa wa nchi, akimfuata Katikiro, na baadaye jina hilohilo likawa cheo cha mtawala wa jimbo la Buruli. Wachina waliipita njia hii mapema zaidi: wakati wa ukoo wa Han, makarani walioshika nyaraka za mfalme ndani ya jumba, walioitwa shangshu, walikuwa watumishi wadogo, karne kadhaa baadaye jina hilo likawa la mawaziri.

Sasa fika mwaka 1885, mahali ambapo vitabu vingi vinageuka kuwa habari za dini peke yake. Wakristo miongoni mwenu mnawajua Yosefu Mukasa Balikuddembe na Karoli Lwanga kanisani, kila tarehe 3 Juni. Mnasahau kuuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Walikuwa watumishi wa Kabaka Mwanga, wakubwa wa vijana wa ikulu. Mtumishi wa ndani alitakiwa asiwe na bwana mwingine, na vijana hawa walikuwa wamempata mwingine. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885. Lwanga na wenzake waliuawa Namugongo mwaka 1886. Simtetei Mwanga, yale yalikuwa mauaji. Lakini ukiandika kwamba alikuwa katili tu, hujaeleza hofu yake ilitoka wapi.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwanga mwenyewe aliwapa vijana waliobaki bunduki na vikosi. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo wa vikosi hivyo waliungana wakamwondoa kitini. Aliporudi, Katikiro wake alikuwa Apolo Kagwa, kijana aliyewahi kutumika katika ghala za mfalme. Naam, mshika funguo. Mwaka 1897 Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani, yaani huku kwetu. Akawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, na Kagwa akawa mmoja wa watawala kwa niaba yake.

Ndiyo maana siafiki jibu kwamba Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa kati ya Kabaka na Waingereza. Kabaka alikuwa na miaka mitatu! Waliokaa mezani na Harry Johnston ni wakubwa hao waliotoka ikulu. Mkataba ukawataja Katikiro, hakimu mkuu na mtunza hazina kuwa viongozi wa serikali ya Kabaka, na ukatenga maili za mraba 8,000 za ardhi kwa machifu na wenye ardhi wapatao 1,000. Kwa hesabu hiyo cheo hakikuwa tena zawadi ya mfalme inayoweza kunyang'anywa asubuhi. Bataka waliopoteza ardhi za koo zao walilalamika kwa miaka mingi. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903; Kagwa alibaki Katikiro hadi 1926.

Kabla hujafungua ukurasa unaofuata, jibu swali hili kwa dakika 40, bila kutumia maneno "uongozi bora": Je, watumishi wa ikulu waliuimarisha au waliudhoofisha ufalme wa Buganda kati ya mwaka 1856 na 1900?